Tano Si Bora Kuliko Nne

“Chukua hii tano, bosi. Hiyo nne ni ya magari ya zamani.”

Kijana wa duka la spea pale Unga Limited, Arusha, aliniambia hivyo nilipoulizia oili ya giaboksi ya GL-4, huku mkono mmoja ukinisogezea kopo la GL-5 na mwingine ukirudisha chenji kwa mteja aliyesimama nyuma yangu. Sikumlaumu. Tangu shule tunajua wa darasa la tano kamzidi wa darasa la nne, na rafu yake nzima ilikuwa imejaa tano. Mimi mwenyewe niliamini hesabu hiyo karibu miaka miwili. Suzuki Escudo yangu ndiyo iliyolipa ada.

Niliinunua Moshi, gia za mkono, ya mwalimu mstaafu. (Kila gari linalouzwa Moshi ni la mwalimu mstaafu, sijui madalali wanawatoa wapi wote hao.) Ilipofika kwangu gia ya pili ilikuwa inaingia kama kisu kwenye parachichi lililoiva. Nikafanya anachofanya kila mwenye gari jipya: badilisha oili zote, tuanze upya. Fundi akamwaga ya injini, akamwaga ya giaboksi, akamwaga ya difu, ile bonge la gia kwenye ekseli linalopeleka nguvu magurudumuni. Ya injini tukabishana robo saa nzima kuhusu chapa. Za giaboksi na difu alizijaza kutoka dumu moja la GL-5, na nilipouliza akanijibu, “Tisini ni tisini,” yaani namba ya uzito wa oili. Nikaridhika.

Naishi Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Anayeijua Ngaramtoni ya Julai anajua kwamba saa kumi na mbili asubuhi hata mbwa hatoki. Baada ya oili ile, asubuhi hizo gia ya pili ikaanza kulia krrr, na iliendelea kulia mpaka nifike Sakina, njiani kwenda mjini, pale giaboksi inapokuwa imeshapata joto. Nikadhani klachi. Nikabadilisha klachi. Krrr ikabaki palepale, hela ikaenda.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye gereji ya uani Majengo, Moshi, ambaye vijana wake wote wanamwita Meku. Hakugusa gari. Aliuliza swali moja tu: “Humo ndani mliweka oili ya wapi?” Nikamwambia ya dumu. Akacheka kwa pua.

Hizo herufi GL na namba yake ni mpangilio wa API, taasisi ya mafuta ya Marekani, na namba inaeleza aina ya kazi oili iliyotengenezewa. Haipimi ubora. GL-5 imelengwa hasa kwenye difu. Ndani ya difu nyingi, pinieni, ile gia ndogo, imekaa chini kidogo ya katikati ya kraun, ile gia kubwa, kwa hiyo meno yake yanabanana na papo hapo yanateleza ubavu kwa ubavu kwa shinikizo kubwa mno. Oili ya kawaida ingefinywa ikatoka yote, chuma kikala chuma. Ndiyo maana huongezewa viungo vya salfa na fosforasi, ambavyo vikipata joto hushikamana na chuma na kuacha utando mwembamba unaokubali kuliwa badala ya meno. Harufu ile ya yai viza inayokaa kwenye vidole siku mbili hata ukiosha kwa sabuni ya unga ni salfa hiyo.

Giaboksi ya mkono ina kazi nyingine kabisa. Kila gia unayoingiza inapokewa na pete, na kwenye magari mengi pete hiyo ni ya shaba. Kazi yake ni kusugua kidogo, ishike gia inayozunguka mpaka mwendo ulingane, halafu meno yaingie bila kelele. Sasa mwaga humo oili yenye viungo karibu mara mbili ya GL-4. Kwanza, inateleza kupita kiasi, pete haishiki, meno yanakutana kabla ya wakati. Hiyo ndiyo krrr yangu. Pili, salfa iliyo kali inaila shaba polepole, na joto likizidi inaila haraka zaidi.

Nitende haki: GL-5 nyingi za siku hizi zimetulizwa, haziungulizi shaba kama zile za zamani, na vitabu kadhaa vya Toyota vinaruhusu nne au tano kwenye giaboksi. Kama kitabu chako kinasema hivyo, weka yoyote ulale usingizi. Ninachokataa ni ile tabia ya kudhani unalifanyia gari hisani kwa kulipandisha darasa. Na kuna magari ambayo hayataki hata nne: Honda nyingi za zamani ziliandikiwa oili ya injini kwenye giaboksi, na zingine hutaka oili nyekundu ile ya otomatiki. Ukimpelekea fundi wa “tisini ni tisini” gari la namna hiyo, Mungu akusaidie.

Halafu hiyo tisini yenyewe. Watu wanaiogopa wakidhani ni uji mzito mara mbili ya oili ya injini ya arobaini. Vipimo vya oili ya gia na vya injini ni mizani mbili tofauti. Oili ya gia ya 90 ikiwa na joto la kazi ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Namba ya mbele, ile ya 75W au 80W, inahusu baridi. Hatuna theluji barabarani, iko huko juu Kibo kwa watalii, lakini oili ya 75W-90 inaamka mapema kuliko ya 85W-140, na mtu wa Ngaramtoni au wa Marangu ataiona tofauti hiyo mkononi kwenye gia ya pili kabla hajafika lami.

Kuhusu hiyo 140: ukipanda gari la kununua ukakuta giaboksi kimya kabisa lakini gia nzito kama mlango wa godauni, shuku. Oili nzito huficha sauti ya beringi iliyochoka. Mafundi wazee husimulia kwamba enzi zao wauzaji waliweka hata unga wa mbao, au ndizi mbivu, ndani ya difu ili inyamaze wiki moja. Kwa jinsi Moshi ilivyo na ndizi sitashangaa, ingawa Meku aliapa kwamba yeye ndizi aliila tu.

Kitabu cha Escudo kilikuwa kwenye droo ya dashibodi muda wote, kwa Kijapani. Nilikuwa sijakifungua kwa sababu hiyo. Meku akakifungua kwa vidole vya grisi, akapekua mpaka ukurasa wenye jedwali, na katikati ya maandishi yale yanayofanana na nyayo za kuku ikakaa wazi: 75W-90, GL-4. Namba hazitafsiriwi. Kama gari lako limetoka Japani na kitabu kimo, piga picha ukurasa huo leo, uende nao dukani.

Sasa kosa ambalo lilikuwa la kwangu mwenyewe. Nilipata GL-4 duka la tatu, nikajiona fundi, na Jumapili moja nikaingia chini ya gari nyumbani kwa shemeji, Moshi. Nikafungua bolti ya chini, oili ikamwagika vizuri, nyeusi yenye vumbi la dhahabu. Kisha nikaenda kwenye bolti ya kujazia, ile ya ubavuni. Imegoma. Nikaongeza bomba kwenye spana, kichwa cha bolti kikalika, kikawa duara. Nina gari lisilo na tone la oili kwenye giaboksi, gereji zimefungwa, na shemeji amesimama barazani ananiuliza kama nitakula. Kwa hiyo kabla ya kumwaga chochote, fungua kwanza bolti ya kujazia. Ikikataa, unafunga safari kwenda kwa fundi ukiwa bado na oili.

Tuliokolewa na umbo la gari lenyewe. Giaboksi ya Escudo imelala katikati, kwa hiyo tuling’oa mkono wa gia kutoka ndani tukajazia pale juu. Ile ya zamani nilikuwa nimeikinga kwenye beseni, tukaipima kwa chupa za maji, tukajaza mpya kiasi hichohicho. Si utaratibu wa kujivunia. Utaratibu ni gari likae tambarare, liwe limetembea kidogo ili oili iwe na uvuguvugu, ujaze ubavuni mpaka ianze kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu, ufunge bolti kwa washa mpya, kile kipete cha kuzuia kuvuja. Basi.

Bolti ya kumwagia mara nyingi ina sumaku nchani. Iangalie kabla ya kuifuta. Tope laini la kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi. Vumbi la dhahabu halikai kwenye sumaku, linaelea kwenye oili, na hilo ni shaba ya zile pete. Ikiwa oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Madereva wa Land Cruiser za utalii wanalijua hili: giaboksi iliyochemka ikizama ghafla kwenye mto wa Aprili, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili. Hao wasisubiri kilomita, wamwage wakirudi mjini. Sisi wengine, kwa vumbi na milima yetu, kilomita 40,000 ni mwendo wa heshima. Giaboksi nyingi za mkono hazina filta. Chuma kilichosagika kinabaki humo humo kikizunguka na mwenzake.

Oili iliyomwagwa aliichukua jirani kupaka nguzo za uzio, mchwa wamemzidi.

Gia ya pili ikapata nafuu ndani ya siku mbili, lakini haikurudi kuwa ile ya parachichi. Shaba iliyoliwa imeliwa. Julai hii bado inalia kidogo nikiiharakisha, kwa hiyo nikitoka nyumbani natoa ya kwanza, nasimama nyutro nikihesabu moja, ndipo naingiza ya pili. Shemeji akiazima gari namwambia hivyohivyo: mpaka Sakina, usikimbilie.