Panya Kupona Siku 14 Si Kibali cha Kunywa Miezi Sita

Muuzaji wa mitishamba wa River Road, Nairobi, akikuambia dawa yake imepimwa maabara, usimbishie. Muulize tu ilipimwa siku ngapi.

Mara nyingi kinachotajwa ni kipimo cha sumu ya ghafla. Kwa mwongozo nambari 423 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya vipimo vya usalama, panya watatu, kwa kawaida majike, hulazwa na njaa, kisha hunyweshwa dondoo ya mmea mara moja tu kwa bomba linalofika tumboni. Dozi ya juu ya kawaida ni miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito. Wakipona, watatu wengine hupewa dozi ileile. Huangaliwa siku 14: wanatetemeka? Manyoya yamesimama? Wanakonda? Mwisho hupasuliwa, viungo vikatazamwa kwa macho. Basi.

Sikidharau kipimo hiki. Kinatumia wanyama wachache kuliko LD50 ya zamani, aliyoileta mwanasayansi Trevan mwaka 1927, iliyosaka dozi ya kuua nusu ya kundi. Na dozi yenyewe si mchezo: ukigawanya kwa 6.2, kama wataalamu wafanyavyo kutoka panya hadi binadamu, mtu wa kilo 60 angemeza kama gramu 19 za dondoo kwa mpigo.

Lakini nani hunywa mitishamba mara moja? Mama mwenye kisukari kule Kawangware hunywa kikombe asubuhi na kingine jioni, miezi nenda miezi rudi, huku akimeza metformini, dawa ya kisukari aliyopewa kliniki. Kuhusu mama huyo, wale panya sita hawana la kusema.

Brussels, Ubelgiji, walijifunza kwa machungu. Mwaka 1993 madaktari waliripoti wanawake walioharibika figo baada ya kutumia dawa ya kupunguza unene. Ndani yake Aristolochia, mmea wenye sumu kwa figo, ilikuwa imeingia badala ya mmea mwingine. Waathiriwa walipita mia, na baadaye wengine walipata saratani ya njia ya mkojo. Hawakuanguka siku ya kwanza. Figo zilikwisha taratibu.

Kwa madhara ya taratibu kama hayo kuna mwongozo 408 wa OECD: dozi kila siku kwa siku 90, panya 10 dume na 10 jike katika kila kundi, damu ikapimwa, ini na figo vikawekwa chini ya hadubini. Hata huo haukusudiwi kunasa saratani. Ni ghali, najua, na si haki gharama imwangukie mwanafunzi wa uzamili wa chuo kikuu kule Kabete. Alipe anayeuza chupa.

Tena kipimwe kilekile kinachouzwa. Ukikamua majani kwa methanoli, aina ya alkoholi, maabara, halafu sokoni ukauza maji yaliyochemshwa kwenye sufuria, hizo ni dawa mbili. Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya yafaa idai lebo iseme wazi: kilipimwa nini, kwa muda gani, na kwa mnyama yupi.