Kituo Chini ya Mji wa Kale: Mwanza Ijifunze Nini kwa Thessaloniki

Reli ya SGR inayojengwa kati ya Isaka na Mwanza, yenye urefu wa kilomita 341, inaleta swali ambalo jiji hili haliwezi kulikwepa: abiria akishashuka kwenye treni, ataingiaje katikati ya mji ambako barabara za Nyerere, Kenyatta na Makongoro tayari zimejaa daladala, bajaji na bodaboda? Mtu anaweza kujibu kwamba jiji lililobanwa kati ya milima ya mawe na ziwa halina pa kupanukia isipokuwa chini ya ardhi. Wazo hilo la reli ya chini ya ardhi liko mbali na utekelezaji, na kwa sababu hiyo huu ndio wakati mzuri wa kulipima.

Katika mjadala wa namna hii, handaki na kituo huchanganywa. Handaki huchimbwa na mashine inayopita kina kirefu, mara nyingi chini kabisa ya tabaka zenye mabaki ya kale. Kituo ni kitu kingine. Abiria lazima ashuke na kupanda, kwa hiyo shimo lake huanzia juu barabarani na kukata kila tabaka la historia hadi chini. Mji wa kale huumizwa zaidi na kituo kuliko handaki, na kwa maoni yangu hoja yote ingepaswa kuanzia hapo.

Thessaloniki, mji wa Ugiriki ulioanzishwa mwaka 315 kabla ya Kristo, unaonyesha jambo hili waziwazi. Ujenzi wa metro yake, yaani reli ya chini ya ardhi, ulianza mwaka 2006. Katika kituo cha Venizelou, chini ya makutano ya barabara mbili za maduka, wachimbaji walikuta makutano mengine: barabara ya enzi ya Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, iliyotandikwa marumaru, pamoja na mabaki ya majengo yaliyokuwa kandokando yake. Mwaka 2013 mpango ulikuwa kuyahamisha mabaki hayo. Wanaakiolojia, wananchi na meya wa wakati huo, Yiannis Boutaris, wakapinga, na baadaye ikakubaliwa yabaki pale pale. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2019 ikageuza tena uamuzi: yang'olewe, kituo kijengwe, kisha yarudishwe. Ndivyo ilivyofanyika, na metro yenye kilomita 9.6 na vituo 13 ikafunguliwa tarehe 30 Novemba 2024.

Waliotaka yang'olewe walikuwa na hoja nzito. Mji ulisongwa na magari, na maduka yalizungukwa na uzio wa ujenzi mwaka baada ya mwaka. Waliopinga walijibu kwamba mahali penyewe ni sehemu ya ushahidi: jiwe likishang'olewa, namna lilivyokaa juu ya lililo chini yake, ambayo ndiyo humwonyesha mtafiti lipi lilitangulia, haipatikani tena hata likirudishwa kwa vipimo. Naona hoja hii ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa mradi uliochelewa bado unaweza kukamilishwa, ilhali tabaka lililovurugwa halirudi. Hata hivyo ipo faida ambayo wapinzani wa metro huipita haraka. Bila mradi huo, nani angetoa fedha za kuchimba chini ya barabara kuu ya mji? Zaidi ya vitu 300,000 vya kale vilipatikana Thessaloniki, na huko Yenikapı, Istanbul, uchimbaji wa reli ulifichua mabaki ya meli 37.

Hatari nyingine iko juu ya ardhi. Tarehe 3 Machi 2009, udongo na maji vilipenya kwenye shimo la reli ya chini mjini Cologne, Ujerumani, na jengo la hifadhi ya nyaraka za jiji likaporomoka. Watu wawili walifariki katika nyumba za jirani, na nyaraka za karne nyingi zikafukiwa.

Mwanza ina sababu zake za kuogopa. Mwamba wa graniti hushikilia handaki vizuri, lakini kuukata kwa ajili ya kituo mara nyingi huhitaji baruti, na kuta kuukuu hazistahimili mtikisiko. Kuelekea ziwani na kando ya Mto Mirongo maji yako karibu, na kupanda kwa Ziwa Victoria mwaka 2020 kulionyesha jinsi mwambao ulivyo dhaifu.

Kinga ya kisheria nayo ni nyembamba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata yanahitaji tangazo la Waziri. Wajerumani waliianzisha Mwanza kama kituo cha utawala mwaka 1892, kwa hiyo nyumba zao, na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yaliyofuata, hayalindwi kwa umri wake pekee. Chini yake huenda kuna vya kale zaidi, maana vigae vya vyungu vya kale vya aina ya Urewe na Kansyore vimepatikana sehemu mbalimbali za mwambao wa ziwa hili.

Siku wazo hili likifika mezani, mimi ningekubali handaki na kupinga kituo ndani ya mitaa ya kale. Katikati ya Mwanza si pakubwa, na mwenye afya anaweza kutembea kutoka kituo cha pembezoni. Atakayeumia ni mzee, mgonjwa na mchuuzi anayepeleka mzigo kwenye eneo la biashara la Makoroboi. Hao wapangiwe usafiri mdogo wa juu tangu mwanzo, katika mkataba uleule. Uchimbaji wa majaribio wa kiakiolojia nao utangulie kusainiwa kwa mkataba, kwa fedha za mradi. Thessaloniki iligundua makutano yale mkandarasi akiwa tayari kazini, na kila mwezi wa mabishano ukawa na gharama yake.