Waanze dosiye wapi?

Makala yenu inashauri familia za Goma zinazotaka kumfuata mtu wao Ubelgiji zianze dosiye, yaani faili la maombi ya viza, mapema. Sawa, lakini wapi? Ndege za abiria zilikoma kutua kwetu Goma Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji. Kigali iko karibu, ila Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji tarehe 17 Machi mwaka uleule. Inabaki Kinshasa, na mama mwenye watoto wanne ataifikia kwa kuzunguka kupitia nchi ya watu, kwa dola ambazo hana.

Kuna jambo mngelitaja. Tarehe 18 Aprili 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya familia ya Afrin, Syria, iliamua kwamba Ubelgiji haiwezi kuilazimisha familia ya mkimbizi ifike yenyewe ambasade siku ya kuomba, kama kufika haiwezekani au ni kugumu kupita kiasi. Wakili wa Ubelgiji aulizwe hilo kwanza! Kuitwa kwa alama za vidole kutakuja baadaye.

Halafu watoto wasioandikishwa komine (ofisi ya serikali ya eneo) ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa: hao wanahitaji hukumu ya mahakama ili wapate cheti. Wengi wetu tunakwama hapo, kabla hata ya viza. Na mhuri wa nani wa huku Goma utakubaliwa Kinshasa siku hizi, msiniulize.