Kilima Kikionekana, Hewa Ni Safi?

Jirani yangu wa Nzuguni, mzee aliyeijua Dodoma kabla haijawa jiji, ana kipimo chake cha hewa. Asubuhi akishanawa uso hutazama vilima vilivyo kama kilomita 12 kutoka uani kwake. Vikionekana vizuri na mikunjo yake, hewa nzuri. Vikimezwa na utando wa kijivu, anamwambia mkewe asianike nguo. Kijana wake hakubaliani naye. Amenunua kifaa cha mkononi kinachosoma PM2.5, yaani chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja una mikromita 70 hivi. Kwake yeye kilima ni kilima na kipimo ni namba.

Ubishi wao ni wa jiji zima. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, ardhi ya Dodoma haijapumzika kuchimbwa: Mji wa Serikali Mtumba, kiwanja cha ndege cha Msalato, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Zikikatika, udongo unageuka unga, na upepo wa Agosti na Septemba hauhitaji kubembelezwa.

Nianze na mzee, maana ndiye anayechekwa. Macho yake yana fizikia nyuma yake. Mwaka 1924 Mjerumani Harald Koschmieder alieleza kwa nini kitu cha mbali hupotea: chembe za hewani hupunguza mwanga unaotoka kwenye kitu hicho, na papo hapo hutawanya mwanga wa jua kuelekea kwako, mpaka kilima kinafanana na anga. Ukijua kiasi cha mwanga kinachozuiwa katika kila kilomita, unagawanya 3.9 kwa kiasi hicho na kupata upeo wa kuona. Tena kiangazi cha Dodoma kinamsaidia mzee kuliko ambavyo Dar es Salaam ingemsaidia. Pwani unyevu huzivimbisha chembe, hivyo kitu cha mbali kikipotea hujui ni uchafu au ni maji. Septemba yetu ni kavu. Februari, sawa, naye hubahatisha.

Siku moja niliazima kile kifaa. Tipa la mchanga likapita kwenye barabara yetu ya vumbi, nikafumba macho, koo likakauka, shati likabadilika rangi. Namba ya PM2.5 ikapanda kidogo, ikashuka. Nikaingia jikoni kwetu, mkaa ndiyo kwanza unashika, umewashwa kwa vipande vya mfuko wa plastiki (kosa letu, najua). Namba ikaruka mara nyingi zaidi ya pale barabarani. Dirishani vilima vilikuwa vinaonekana vyote.

Vumbi la barabarani sehemu kubwa ni chembe nene, na nyingi hunaswa puani na kooni. Chembe za moshi karibu zote hazifiki mikromita moja, nazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa uzito ule ule moshi pia huzuia mwanga zaidi: gramu moja ya chembe laini hukinga mwanga kama pazia la mita 4 za mraba, gramu ya vumbi nene kama pazia la nusu mita na kidogo. Kwa hiyo utando wa mbali unaoufuta mlima polepole unastahili kuogopwa kuliko wingu jekundu la tipa, ingawa wingu ndilo linalotukimbiza.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kuna moshi wa mikrogramu 50 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linashauri wastani wa saa 24 usizidi 15. Kwa kanuni ya Koschmieder, moshi huo bado unamwachia mtu upeo wa kilomita 18 au 19. Vilima vya mzee viko 12. Atasema hewa nzuri, na nguo zitaanikwa. Kiwanja cha ndege nacho hakitashtuka, kwa sababu taarifa wanazopewa marubani, upeo ukifika kilomita 10, huandikwa 9999, maana yake 10 au zaidi. Rubani inamtosha.

Ila kijana asishangilie mapema. Kifaa chake hakipimi uzito. Kina feni na mwali wa leza, kinatazama mwanga unaotawanywa na chembe, kisha kinakisia. Nacho kinatumia macho, ila ya karibu. Vifaa vya namna hii vinajulikana kwa kulikosa vumbi nene, na namba ya PM10 (chembe zenye upana usiozidi mikromita 10) vinayoonyesha si ya kuaminiwa sana. Kwa mji wa vumbi hiyo si kasoro ndogo. Mwenye pumu hatakuelewa ukimwambia vumbi si kitu. Kipimo cha uhakika ni kupitisha hewa kwenye kichujio kwa saa 24 na kukipima kwa mizani ya maabara. Ni ghali na ni polepole.

Ninachohofia kwa kipimo cha mzee ni lami. Ikitandazwa, vumbi litapungua na kila mtu atasema hewa imetakata, huku magari yakiongezeka juu ya lami hiyo hiyo na magunia ya mkaa yakiendelea kuingia alfajiri kwa pikipiki. Kanuni za viwango vya hewa tunazo tangu 2007. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Tusipopima sasa, mwaka huo tutalinganisha na nini?

Ningepewa fedha za kituo kimoja chenye vichujio, nisingekipeleka Mtumba wala kiwanja cha ndege. Ningekiweka mtaa wenye nyumba zilizobanana na majiko ya mkaa, Chang'ombe kwa mfano, na pembeni yake ningetundika vifaa vya leza Septemba nzima na Februari nzima, vijulikane vinakosea kwa kiasi gani kabla ya kusambazwa.

Mzee ningempa daftari. Aandike vilima vinne au vitano ambavyo umbali wake umepimwa, cha mbali kabisa kisipungue kilomita 30, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Hicho cha 30 hupotea moshi ukifika mikrogramu 30 hivi. Cha 12 hungoja mpaka ukaribie 80. Usiku daftari litakaa tupu, na jikoni hakuna kilima. Huko itabidi aazime kifaa cha mwanawe.