Timmins Wanamtaja Mwenye Ardhi, Geita Je?

Hapa Timmins, mji wa dhahabu kaskazini mwa Ontario, mikutano mingi ya hadhara huanza kwa kusomwa tamko kwamba tumekaa juu ya ardhi ya jadi ya wenyeji wa Mattagami, katika eneo la Mkataba wa Tisa, ambao wenyeji walitiliana saini na serikali kuhusu ardhi hii. Tamko hilo hunifariji, na dakika hiyohiyo huniudhi.

Huniudhi kwa sababu ya hesabu. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1905 na 1906, dhahabu ikagunduliwa mwaka 1909, na mgodi wa Hollinger peke yake ukatoa zaidi ya wakia milioni 19 kabla ya kufungwa mwaka 1968, ilhali Waojibwe na Wacree, wenyeji wa eneo hili, waliahidiwa dola 4 kwa kila mtu kwa mwaka. Dola 4 hizo zinalipwa mpaka leo bila nyongeza: ofisa wa serikali anafika na daftari, watu wanapanga foleni, na mzee anakabidhiwa fedha isiyonunua hata kilo ya nyama.

Wapo watakaosema kwamba nimevuka bahari na sasa nawatazama wenzangu kwa juu. Sijasema Kanada imetenda haki; baadhi ya makampuni yaliyochimba dhahabu kwetu Tanzania, Kanda ya Ziwa, yametoka Kanada hiihii. Tena najivunia soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mwaka 2019, ambako mchimbaji mdogo hupimiwa mzigo wake na kulipwa kwa bei inayojulikana.

Lakini watu wa Mtakuja walioondolewa mwaka 2007 kupisha mgodi, wakaishia kwenye mahema pale Geita mjini, nani huwataja kikao kinapofunguliwa? Kwetu aliyezaliwa mahali huitwa mvamizi siku bikoni za mipaka ya mgodi zinapopandwa, kisha huachiwa kugombea magwangala, yaani mabaki ya mawe ya mgodini. Mkinijibu kwa habari za tegesha, nakubali kwamba wapo walioinua vibanda usiku ili walipwe fidia; ila babu aliyezikwa pale kabla ya leseni yoyote kutolewa hakutegesha kaburi lake, na mjukuu wake hastahili kuhojiwa kama mwizi.

Ninachodai hakihitaji bajeti. Baraza la madiwani la Geita lianze kwa kusoma majina ya vitongoji vilivyohamishwa, yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili mwenye madai ya fidia awe na karatasi ya serikali inayokiri kwamba aliishi pale.