Kusahau kwa Kijerumani

Niseme mapema ili tusizungushane: mfasiri anayechukua barua ya daktari wa Ujerumani inayohusu kumbukumbu, akaivusha Kiingereza huku kila penye neno gumu ameandika "memory", huyo hajafasiri, amepunja. Na hasara haimfiki yeye, wala haimfiki daktari aliyeandika barua. Inamfika mgonjwa, aliyekaa mbele ya daktari mwingine, nchi nyingine, na karatasi hiyo ndiyo pekee inayomsemea.

Kazi hii hapa Tanga ipo. Tuna ndugu zetu waliokwenda Ujerumani kusoma wakalowea huko, na siku hizi wapo vijana wanaokwenda kufanya uuguzi. Wazazi hualikwa kutembea. Mzazi akizidiwa akiwa huko, anapimwa huko huko, kisha anarudi Ngamiani au Makorora na bahasha ya karatasi za Kijerumani. Daktari wa hapa, awe hospitali ya Bombo au kwenye kliniki ya mtu binafsi, anasoma na kuandika Kiingereza, kwa hiyo bahasha lazima kwanza ipitie kwa mtu kama mimi. Kijerumani nilikianza darasani Dar es Salaam, lakini cha hospitali nilikipata kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko kwao, nilikokuwa nikijitambulisha upya kila asubuhi kwa watu niliowaogesha jana yake.

Neno linalopunjwa kuliko yote ni Merkfähigkeit. Fungua kamusi yoyote ya kawaida, utakuta "memory" imekaa hapo kama vile hakuna tatizo. Lakini daktari wa akili wa Kijerumani akiliandika anakusudia kitu chembamba: uwezo wa kushika jambo jipya na kubaki nalo kwa kama dakika 10. Kinachovuka dakika 10 kinahesabiwa kwenye Gedächtnis, yaani kumbukumbu yenyewe. Mpaka huo umo kwenye mfumo wa AMDP, ambao madaktari wa akili wa nchi zinazozungumza Kijerumani huufuata wanapoandika hali ya mgonjwa. Mfumo huo unatenganisha kuelewa, kumakinika, kushika na kukumbuka, kila kimoja na safu yake.

Namna ya kupima ni rahisi. Daktari anataja vitu vitatu, na vitatu vinavyozoeleka sana kwao ni Oslo, Aschenbecher na 34: mji, kisahani cha majivu ya sigara, na namba. Mgonjwa anavirudia ili ionekane amevisikia. Wanaendelea na mazungumzo mengine. Baada ya dakika kadhaa daktari anauliza: nilikutajia nini? Akitoa kimoja tu kati ya vitatu, barua itasema Merkfähigkeit imepungua. Haitasema mgonjwa amepoteza kumbukumbu.

Barua moja niliyoishughulikia ilikuwa ya mzee wa Ngamiani aliyekwenda kumwona binti yake. Ndani yake mlikuwa na sentensi iliyosema Merkfähigkeit imepungua kwa kiasi cha kuonekana, Altgedächtnis kwa sehemu kubwa ipo. Weka "memory" pande zote mbili uone kinachotokea: kumbukumbu imepungua, kumbukumbu ya zamani ipo. Daktari mwenye foleni mlangoni atasoma nusu ya kwanza na kupita.

Binti alipoleta bahasha alikuja na mzee mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi. Mzee huyu alifanya kazi reli, na stesheni za kwenda Moshi alinipa bila kumeza mate: Pongwe, Ngomeni, Muheza, akaendelea mpaka Korogwe na Mombo, na kwa kila moja ana kisa, nani aliuza machungwa pale, nani aliachwa na treni akibishania chenji. Kikombe cha chai alichokimaliza kilikuwa bado mbele yake. Akanigeukia akauliza kama kwangu wageni hawapewi hata chai. Binti akainamisha uso kwa aibu. Mimi nikamimina kingine, na nikajua barua imesema kweli tupu.

Sasa tofauti hiyo si ya vitabuni. Mzee wa namna hii unaweza kumuuliza alifanyiwa operesheni gani ujanani na dawa gani ilimdhuru, na jibu lake likafaa. Ila usimwachie kidonge cha asubuhi akimeze mwenyewe, kwa sababu saa nne atakimeza tena. Kwa hiyo kwenye Kiingereza niliandika kwamba uwezo wake wa kubaki na habari mpya kwa kama dakika 10 umepungua kwa kiasi cha kuonekana, na kwamba mambo ya miaka mingi nyuma kwa sehemu kubwa anayakumbuka. Ilikuwa ndefu kuliko Kijerumani chake. Iwe ndefu.

Wapo wanaoniambia natafuta makuu, kwamba neno la kitaalamu litafsiriwe kwa neno la kitaalamu, basi. Nawarudisha kwa Alois Alzheimer, daktari wa akili wa Kijerumani. Mwezi Novemba 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt, alianza kumhoji mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste. Faili la mahojiano hayo lilipotea kwa miaka mingi, likapatikana 1995. Mle ndani mna mstari nisiousahau: Auguste anakula koliflawa na nyama ya nguruwe, anaulizwa anakula nini, anajibu spinachi. Alzheimer alipochapisha taarifa fupi ya ugonjwa huo mwaka 1907, neno Merkfähigkeit alilitumia, tena akasema uwezo huo umeharibika vibaya sana, lakini neno hakuliacha peke yake. Papo hapo akaeleza: akionyeshwa vitu anavitaja kwa majina, na mara tu baadaye ameshasahau vyote. Mtu ambaye jina lake ndilo limekuwa jina la ugonjwa, tangu daktari mwenzake Kraepelin aliweke kitabuni mwaka 1910, aliona haja ya kueleza tendo baada ya neno. Sisi wafasiri tunaona haya ya nini?

Kurzzeitgedächtnis nayo ina vurugu zake, ila hiyo ni vurugu ya lugha zote mbili. Mwanasaikolojia akisema kumbukumbu ya muda mfupi anazungumzia sekunde, kama namba ya simu unayoishikilia mpaka umalize kuibonyeza. Muuguzi kwenye korido akisema hivyo hivyo anazungumzia chakula cha mchana. Tazama kilichopimwa, andika hicho.

Kuna na Filmriss, neno la mtaani ambalo huingia kwenye barua pale daktari anapomnukuu mgonjwa. Maana yake mkanda wa sinema umekatika, na mlevi yeyote wa Kijerumani analijua: alikunywa, akacheza, akagombana, akarudi nyumbani kwa miguu yake, na asubuhi hakumbuki hata kimoja. Wengi huandika "blackout" na kuendelea na safari. Lakini kwa daktari anayesoma Kiingereza, "blackout" ni kuzimia pia. Mgonjwa ataanza kuzungushwa vipimo vya moyo na kifafa wakati shida yake imo kwenye chupa.

Halafu Fremdanamnese. Hili nimeliona limefasiriwa "foreign history", na nikacheka peke yangu kama mwehu. Mgonjwa amegeuzwa mgeni! Ni maelezo yaliyotolewa na mtu mwingine asiye mgonjwa: mke, mtoto, jirani. Kwenye ugonjwa wa kusahau sehemu hii mara nyingi ina uzito kuliko majibu ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa mtu anayesahau husahau pia kwamba anasahau. Mzee wetu wa reli aliandikiwa kwamba yeye binafsi halalamiki chochote. Ni binti aliyesema baba huweka funguo kwenye sufuria. Mfasiri akichanganya nani kasema nini, daktari wa hapa hatajua kwamba mzee mwenyewe haoni tatizo, na hilo ni dalili pia.

Ninachokiogopa zaidi, hata hivyo, si maneno marefu ya Kijerumani. Ni herufi moja moja. Katika barua na karatasi za wagonjwa wa nje, kila namba ya ugonjwa hufuatwa na herufi: G maana yake imethibitishwa, V inashukiwa, Z ni hali ya baada ya ugonjwa uliopita, na A imeondolewa, yaani walitafuta wakaona haupo. F03 ni namba ya demensia, ugonjwa wa akili na kumbukumbu kudhoofika; ukikuta F03 A, mgonjwa aliuchunguzwa na hana. Sasa chukua mfasiri mwenye haraka, au programu ya simu, atoe namba vizuri na herufi aidondoshe. Mtu mzima wa akili zake anaondoka na karatasi ya Kiingereza inayosema ana demensia. Kwa mila zetu tunavyojua kugawana mashamba na nyumba, karatasi hiyo si ya kuchezea. Atatokea mtoto wa kuisema mbele ya kikao cha ukoo.

Alama za vipimo ni hivyo hivyo. Wajerumani wana kipimo chao, DemTect, kinachoishia alama 18. Kuanzia 13 kwenda juu mtu yuko sawa kwa umri wake. 8 kushuka ndipo wanashuku demensia. Kipimo kinachojulikana zaidi huku, cha Folstein cha mwaka 1975, kinaishia 30. Barua inasema tu DemTect 14. Asiyekijua ataisoma 14 kati ya 30 na kumwona mgonjwa amekwisha, kumbe hana neno. Mimi huandika 14 kati ya 18, ingawa hiyo 18 haimo kwenye asili, na chini naeleza kwamba nimeiongeza mimi.

Hapo ndipo wenzangu tunapotengana. Wao wanasema mfasiri hana ruhusa ya kuongeza kitu, na daktari si mjinga, atampima mgonjwa upya. Ni kweli atampima. Lakini demensia haijulikani kwa kipimo cha siku moja. Kigezo cha ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, kinataka dalili ziwe zimeendelea kwa miezi 6 angalau, na kinachotafutwa ni kushuka kutoka pale alipokuwa. Barua ya Ujerumani ndiyo inayoonyesha pale alipokuwa. Ikiwa ya kubabaisha, kipimo cha leo kitalinganishwa na nini?

Na kipimo chenyewe huweza kupotoka njiani. Chukua swali la majira ya mwaka. Mzee wetu alipimwa mwezi wa saba, akaulizwa haya ni majira gani. Akajibu: kusi. Kwa mtu wa pwani jibu hilo ni sahihi kabisa, mwezi wa saba ni kusi inavuma. Binti, aliyekuwa akitafsiri chumbani, anasema alimwambia daktari kwamba baba anazungumzia upepo. Daktari akaandika kwamba mgonjwa hajui majira. Simlaumu, kwake kuna majira manne na upepo si mojawapo. Na ile Oslo? Mtu wa reli ya Tanga atashikaje jina la mji asiopata kuusikia? Ungemtajia Lushoto labda ungepata jibu jingine.

Je, nibadilishe barua? Hapana. Aliyeandika hajui majira, nami nimeandika hajui majira. Sina leseni ya udaktari, na jibu la kusi halifuti kikombe cha chai. Ila chini ya ukurasa niliweka maelezo ya mfasiri: kwa kauli ya binti, mahojiano yalifanyika kupitia kwake, si kwa mkalimani wa kazi hiyo; jibu alilotoa mgonjwa lilikuwa kusi; kusi ni majira ya mwaka kwa Kiswahili cha pwani. Mistari michache tu. Binti aliniambia baadaye kwamba daktari wa hapa aliisoma, akaweka kalamu chini, akamuuliza mzee kwa Kiswahili: sasa hivi kunavuma nini?

Kampuni moja ya ng'ambo inayonipa kazi kwa mtandao ina utaratibu wake: rasimu ya mashine inakuja tayari, mimi nairekebisha kwa nusu ya bei, na maelezo ya mfasiri hayahesabiwi kwenye idadi ya maneno. Nimewaandikia kwamba kwenye barua za kumbukumbu sitaipokea rasimu ya mashine, na kila mstari wa maelezo nitautoza sawa na mstari wa barua. Bado hawajajibu. Barua za watu wa hapa mjini naendelea kuzifanya kwa bei ya kupatana, kwa sharti moja: mniletee kurasa zote, pamoja na ile ya vipimo ambayo watu wengi huitupa kwa kuwa ina namba tupu.