Mshono Uachwe Uonekane

Kila nikitafuta picha za watu wetu, waliovuka jinsia na wapenzi wa jinsia moja, katika nyaraka za Berlin, inayonijia kwanza ni ya moto: vitabu vikiteketezwa usiku wa tarehe 10 Mei 1933. Miongoni mwavyo vimo vilivyoporwa na Wanazi siku nne kabla, katika taasisi ya utafiti wa jinsia aliyoianzisha daktari Magnus Hirschfeld mwaka 1919. Pale watu waliovuka jinsia walipata tiba, na wengine wakapata hata kazi.

Dora Richter alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtumishi wa ndani wa taasisi ile, na mwaka 1931 akafanyiwa upasuaji wa kumpa mwili wa kike. Kwa miongo mingi iliandikwa kwamba huenda aliuawa kwenye uvamizi ule. Mimi niliamini. Nikatengeneza kolaji, picha ya vipande vilivyounganishwa: uso wake, karatasi zilizounguzwa pembeni, uzi mweusi ukivifunga vyote kama sanda. Baadaye watafiti wakafungua kitabu cha ubatizo, wakakuta jina lake limerekebishwa baada ya uvamizi ule. Kumbe alinusurika, akafa mwaka 1966 akiwa na miaka 74. Nilikuwa nimemvisha sanda mtu aliyejaliwa kuzeeka.

Tangu hapo naogopa mapengo yanayojazwa upesi. Najua kiu yetu. Majalada mengi yanayotuhusu yaliandikwa na polisi na madaktari, na mtu wetu huingia humo kwa mlango wa kosa au ugonjwa. Ukiyabandika yalivyo, unarudia hukumu. Ndiyo maana nakata, nashona, nafunika neno “mgonjwa” kwa kipande cha kanga, nakuza mkono unaorekebisha kola. (Nakala tu, kamwe si karatasi ya asili.) Picha za uchi walizopigwa hospitalini sizigusi: miaka kupita si ridhaa.

Lakini kukata ni jambo moja, kubuni kwa siri ni jingine. Leo kompyuta inakuundia “picha ya kale” ya wapenzi wawili wa kike kwa dakika moja, bila mshono. Naipinga kwa moyo wote. Wanaosema hatukuwahi kuwepo wakiikamata moja ya uongo, watazikanusha na zile za kweli.

Kolaji ya Dora sikuitupa. Nimefumua uzi mweusi, matundu ya sindano yamebaki. Kando yake nimeshonea karatasi tupu 33, moja kwa kila mwaka alioishi baada ya moto.